Udongo wa Kwa Mdogo Wangu

Mama alishuka kwenye gari la Korogwe akiwa na udongo kwenye kucha, na mimi nikaona wivu. Kabichi alizobeba hazikunisumbua, ingawa zilikuwa kubwa za kumshinda mtu kuzikumbatia. Wala ndizi hazikunisumbua. Kilichonichoma ni ule udongo. Mweusi, umeingia kwenye kucha zote mpaka kwenye mistari ya viganja. Nilimletea maji anawe, akanawa, bado upo.

"Mama, huko wamekufanya kibarua?" nikamuuliza.

Akacheka. "Nani anifanye kibarua? Nimeshika jembe mwenyewe. Udongo wenyewe unakuita, mwanangu."

Unakuita! Nikaingia jikoni nikaanza kuhamisha masufuria ambayo hayakuwa na haja ya kuhamishwa. Mume wangu alikuwa barazani, akaniuliza kwa sauti kama nimedondosha kitu. Nikamwambia ndiyo, nimedondosha.

Kwa mama tuko wawili tu, wote wa kike. Mimi ndiye mkubwa, nimeolewa hapa Sindeni. Mdogo wangu ameolewa Kwashemshi, kule juu Korogwe, kwa Wasambaa, kwenye ukungu na migomba. Mama alikuwa akiishi peke yake kwetu Kwedizinga tangu baba atangulie mbele ya haki, mpaka masika moja ukuta wa chumba chake ukalala chini, bahati nzuri yeye akiwa uani. Tukamwambia basi, inatosha, chagua pa kukaa. Hakuchagua. Akawa anakaa kwangu kidogo, anapanda gari anakwenda kwa mdogo wangu, anakaa kidogo, anarudi.

Siku moja tulipokutana wote watatu akasema: "Msinigombanie. Ramadhani ikikaribia nitawaambia nakaa kwa nani. Mimi sitaki makubwa. Nataka penye udongo unaokubali, nipande mchicha wangu, nisiwe wa kukalishwa kwenye kiti nikipepewa."

Mdogo wangu akasema, "Popote utakapopenda, mama." Amejaliwa maneno laini huyo. Mimi moyoni nilishaanza kupima viwanja.

Na hapa lazima mjue kitu kimoja, msije mkaniona nina kijicho cha bure. Mimi ni mtoto wa kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza alikuwa wa bibi. Nilipoacha tu ziwa nilipelekwa kwa bibi mzaa baba, nikamtekea maji, nikamkokea moto, nikamkuna mgongo. Mama nilimwona kwenye sikukuu na kwenye misiba. Nilipofika umri wa kurudi, posa ilikuwa imeshaingia. Mdogo wangu ndiye aliyelala na mama, aliyesukwa na mama, aliyepigwa na mama. Ndiyo, hata vile viboko nilimwonea wivu. Sasa mama amezeeka, amekuja mikononi mwetu, nami nikasema safari hii ni zamu yangu. Hata kama ni lazima niugeuze udongo wa Sindeni uwe wa Kwashemshi.

Tatizo ni kwamba bustani yangu ilikuwa aibu tupu.

Ilikuwa nyuma ya jiko, matuta manne, nimeyatia samadi ya mbuzi, nimeyazungushia miba kuzuia kuku. Kila asubuhi na kila jioni nilimwagilia kwa keni. Maji ya pampu, ya kubeba kichwani, na sikuwahi kuruka siku. Mchicha ulichomoza, ukafika urefu wa kidole, ukasimama. Majani yakageuka manjano, kingo zikaungua kana kwamba mtu amepitisha kiberiti. Nyanya zilitoa maua zikayapukutisha yote. Juu ya tuta pakawa na ukoko mweupe mweupe. Mimi nikaongeza maji.

Mama aliporudi na kucha zake nyeusi alizunguka nyuma ya jiko, akakwaruza tuta kwa dole gumba la mguu. Akatazama. Heri angesema! Alirudi akakaa kwenye mkeka, akashika pembe ya kanga yake iliyofungwa fundo, akawa analitomasa lile fundo huku anatazama barabarani.

Lile fundo nalo lilininyima raha. Kila alipotoka Kwashemshi alikuja nalo, na kila alipokuwa kwangu hakulifungua. Nikajua tu ni kitu kapewa na mdogo wangu. Labda ugoro, labda dawa, labda pete. Sikuuliza. Ningeuliza, ningeambiwa, na kuambiwa ndiko nilikokuwa sikutaki.

Kitu kimoja kilikuwa kinanipa faraja: mama akiwa kwangu hakumtaja mdogo wangu. Mwanzo alikuwa anamtaja. "Mwenzio kafanya hivi, mwenzio kasema vile." Baadaye akaacha kabisa. Nikasema, vizuri, anaanza kumsahau. Nilihesabu ni ushindi.

Basi nikamtafuta bwana shamba. Alikuwa anapita na pikipiki yake, nikamsimamisha nikamwonyesha matuta. Akachuchumaa, akachukua punje akazisugua kwenye vidole, akasema, "Mama, kabla ya kulaumu mbegu pima kwanza udongo." Nikamuuliza unapimwaje. Akasema kuna vipimo vya maabara, ila mambo mengine naweza kuyaona mwenyewe nyumbani kwa chupa na viganja, akanieleza, akawasha pikipiki akaenda zake.

Nikaanza siku hiyohiyo. Nilijaza udongo nusu chupa, nikatia maji, nikatikisa mpaka mkono ukauma, nikaiweka dirishani. Kesho yake chini kulikuwa na mchanga, katikati tope laini, juu mfinyanzi kidogo, na takataka zinaelea. Si mbaya. Nikalowesha udongo mwingine nikausokota mkononi kama ninavyosokota unga wa maandazi. Ulisokoteka, ukakatika karibu na mwisho. Si mbaya pia. Bwana shamba alisema ukikataa kusokoteka ni kichanga, ukisokoteka kama kamba ni mfinyanzi, wangu ulikuwa katikati. Nikachimba shimo nikamwaga maji nitazame yanavyozama. Yalizama bila tabu. Nikatafuta nyungunyungu. Hapo sikupata hata mmoja, nikasema labda kuku wamewala.

Mume wangu akawa ananiangalia na kikombe chake cha chai. "Mke wangu, udongo ukiupima hivyo utaanza kudai mshahara."

"Wewe kunywa chai," nikamwambia.

Kilichobaki ni ule ukali wa udongo, kama una magadi au una uchachu. Hapo bwana shamba alisema mpaka maabara. Lakini mimi nikakumbuka kitu.

Mimi ndiye mpika choya wa eneo letu. Harusi, maulidi, kisomo, wakitaka juisi ya choya, yale maua mekundu, wanakuja kwangu. Na mpika choya yeyote analijua hili: ukisugua sufuria la choya kwa jivu, wekundu wote unageuka kijani papo hapo mikononi mwako. Ukikamulia ndimu, unarudi mwekundu. Tangu nikiwa msichana nimeona hivyo, na sikuwahi kufikiri kuwa ni kipimo. Nikachemsha choya nzito. Kwenye glasi ya kwanza nikatia ndimu, ya pili nikatia jivu, na kila moja kijiko cha choya. Ya kwanza ikawaka nyekundu. Ya pili ikawa kijani cha ajabu. Nikapiga makofi peke yangu. Maabara nimeipata!

Ya tatu nikatia udongo wa bustani na maji, nikakoroga, nikaacha utuame, nikatia choya.

Ikafifia. Ikaingia zambarau. Halafu, mbele ya macho yangu, ikageuka rangi ya kijani chafu, jirani kabisa na glasi ya jivu.

Nilikaa chini. Nilirudia na udongo wa chini ya mpapai. Kijani. Wa karibu na choo. Kijani. Nikatoka nje ya uzio nikachota wa shamba la mahindi. Kijani. Yarabi, nimeolewa kwenye magadi! Akilini nilishamwona mama anapanda gari la Korogwe na mfuko wake, safari hii bila kurudi.

Zamu ya Kwashemshi ilipofika, mama akaondoka. Nikavumilia kidogo, kisha nikasema nakwenda kumwona. Nilichukua chupa ya choya kama zawadi. Lakini mimi najua nilichokuwa nafuata, na mume wangu alijua, maana aliniambia, "Msalimie udongo wa shemeji."

Nilifika mchana. Kabla sijabisha hodi nilisikia kicheko cha mama kutoka bustanini. Kicheko cha mdomo wazi, cha kushika ubavu, ambacho kwangu sijawahi kukisikia. Nikapita pembeni ya nyumba. Alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la spinachi, mikono imezama mpaka viwiko, na mdogo wangu amechuchumaa mbele yake anafuta machozi ya kucheka. Waliponiona wakanyamaza.

"Shikamoo, dada!" mdogo wangu akaruka kunipokea mfuko.

"Marahaba. Mnacheka nini?"

Wakatazamana. "Tulikuwa tunakusema wewe," akasema mama, bado anatabasamu.

Mimi! Wananikalia kitako wananicheka, halafu wananiambia machoni. Niliitikia salamu za shemeji, nikala ugali na maharage yao, nikasifu spinachi kwa mdomo tu. Mdogo wangu alinionyesha kila kitu, hili tuta la karoti, hili la figili, maji yanatoka kwenye chemchemi yanakuja kwa bomba mpaka mlangoni, unafungua tu. "Udongo wa huku hausumbui, dada," akasema. Najua hakuwa na nia mbaya. Wakati ule sikujua.

Walipokwenda kuswali alasiri mimi nikasema nimechoka, nitaswali baadaye kidogo. Nikabaki nyuma ya jiko lao na glasi yao, udongo wao, maji yao na choya yangu. Nikakoroga. Nikatia kijiko.

Nyekundu. Nyekundu ya kupendeza, isiyo na doa. Nikairudia kwa udongo wa tuta jingine. Nyekundu. Nilitamani ile glasi niivunje. Kwa nini yeye? Mama kampata yeye, ukungu kapata yeye, chemchemi kapata yeye, na udongo nao uwe wake! Nilisimama pale na glasi mkononi nikilia kwa hasira, mtu mzima na wajukuu. Kisha, astaghafirullah, nikafanya kitu ambacho mpaka leo mdogo wangu hakijui. Nikachota udongo wake viganja viwili, nikautia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga, nikauficha chini ya nguo zangu. Sikujua nitaufanyia nini. Nilitaka tu apungukiwe.

Nyumbani nilimwita mume wangu. "Njoo uone mwenyewe mdogo wangu alivyopendelewa." Nikatia udongo wa Kwashemshi kwenye glasi, maji, nikakoroga, tukasubiri. Nikatia choya kwa mbwembwe zote.

Ikawa zambarau. Ikageuka kijani.

Tukatazama glasi, tukatazamana. "Sasa hata wa mwenzio?" akasema.

Mwanzoni nilifikiri udongo umekasirika kwa kuibiwa. Kweli, nilifikiri hivyo. Nikarudia, kijani tena. Nikachukua glasi nyingine niisuuze nianze upya. Kulikuwa na mabaki ya choya chini, nikamimina maji ya pampu kutoka kwenye ndoo nisuuze, na yale mabaki yakageuka rangi mbele yangu. Hapakuwa na udongo humo. Hata punje.

Jamani. Maji!

Sasa mtu wa mbali ataniuliza, mama, hukujua kuwa maji yenu yana chumvi? Tunajua! Sindeni nzima inajua. Sabuni haitoi povu, birika linaota gamba jeupe, chai yake inakuwa na ladha nzito. Ndiyo maana kila nyumba ina pipa la maji ya mvua, lenye kifuniko, na hayo ni ya kunywa, ya chai ya mgeni, ya kupikia choya. Mke anayeona mtoto anachezea maji ya pipa anamfukuza na mwiko. Nani mwenye akili timamu achote maji ya mvua ayatie kwenye tope? Udongo tunaupa maji ya pampu. Ndivyo tulivyolelewa. Na mimi nilikuwa nimeyabeba kichwani yale maji, asubuhi na jioni, nikiyamwaga kwa mapenzi juu ya mchicha wangu, na kadiri ulivyoungua ndivyo nilivyoongeza.

Nikaliendea pipa. Nikafungua kile kifuniko kama mwizi, kwa kazi kama ile. Nikachota kikombe, nikakoroga udongo wangu mwenyewe, wa nyuma ya jiko, ule wa chini chini usio na ukoko. Nikatia choya. Ikakaa nyekundu. Nikautia wa mdogo wangu kwenye glasi nyingine. Nyekundu. Nikaziweka pamoja juani. Kama nataka kusema kweli, ya kwake ilikuwa imekolea zaidi, ya kwangu imepauka kidogo. Lakini nyekundu ni nyekundu! Nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Tangu siku hiyo bustani ilikunywa maji ya mvua, nasi tukanywa chai ya chumvi. Mume wangu alilalamika siku ya kwanza, akaona uso wangu, akanyamaza. Niliukwangua ule ukoko wote nikautupa. Mvua chache zisizo za msimu zikaja, zikaosha. Kwenye moja ya matuta nyungunyungu akaonekana, nikamfunika tena taratibu.

Mama akaja. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, na wote tulijua safari hii atasema. Sikumpa hata nafasi ya kupumzika. Nilikuwa nimepanga glasi zangu kwenye meza ya barazani, nimezifunika kitambaa. Nikamkalisha, nikafunua, nikamwonyesha ya ndimu, ya jivu, ya pampu, ya mvua. Nikamsokotea udongo. Nikampeleka nyuma ya jiko nikamwonyesha matuta yaliyotifuliwa, meusi kwa samadi, matupu, yakimsubiri yeye. Nilisema kila kitu isipokuwa nilivyoupata ule udongo wa mdogo wangu. "Umeona, mama? Si udongo. Udongo wangu ni mzima. Ni sawa na wa kule."

Alisikiliza yote. Akazishika glasi moja moja akazitazama kwenye mwanga. "Una akili wewe," akasema. "Umemrithi bibi yako." Kisha akarudi kwenye mkeka, akakaa, akalishika fundo lake. "Nitakaa Kwashemshi, mwanangu."

Nilidhani hajaelewa. Nikaanza upya, maji, chumvi, choya, akanyanyua mkono.

"Udongo wako sijaukataa hata siku moja. Nilisema udongo kwa sababu ni rahisi kusema." Akawa haniangalii. "Kule, nikikukumbuka, nakutaja. Nasema, mwenzio alikuwa hivi alipokuwa mdogo, alikuja siku ya Idi akakataa kurudi kwa bibi yake, akajificha kwenye pakacha la mahindi, tukamtafuta kijiji kizima. Tunacheka. Siku ile uliyotukuta tulikuwa tunacheka hilo. Hapa kwako, nikimtaja mdogo wako, uso wako unajifunga, masufuria yanaanza kulia. Basi nikaacha. Lakini na yeye ni mwanangu. Mimi nikikaa hapa siku zote nitakuwa na mtoto mmoja. Kule ninao wawili."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa juu ya tuta, kwenye udongo wangu mzima, nikalia mpaka nikapaliwa. Sikulia kwa majuto, msinipake mafuta. Nililia kwa wivu. Kwamba alinikumbuka kwenye pakacha, miaka yote hiyo, na aliyesimuliwa ni mdogo wangu.

Usingizi ulikuwa wa taabu. Asubuhi mama alikuwa ameshafunga mfuko wake, ameuweka mlangoni, anasubiri gari la Korogwe. Nikampelekea chai, niliyoipika kwa maji ya mvua. Nikakaa pembeni yake kwenye mkeka. Neno lenyewe lilikuwa zito kulitoa, nililitafuna kama ndizi mbichi.

"Mama," nikasema. "Mdogo wangu hajambo?"

Akageuka akanitazama, kikombe kimesimama nusu njia.

"Hajambo," akasema polepole. Akasubiri. Mimi nikakaza uso usijifunge. "Mguu ulikuwa unamsumbua, ila umepoa."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto. Aliteleza bondeni." Akaanza kunieleza, kwanza kwa tahadhari, neno moja moja, kisha yakamtoka. Mguu, na mganga aliyemkanda, na mkwe wake anayetaka kuhamia mjini, na mbuzi aliyezaa mapacha. Kila alipotaja jina la mdogo wangu kitu kilinichoma hapa kifuani, wallahi, na kila liliponichoma nilisema, "Halafu?"

Akacheka mara moja. Si kile kicheko cha ubavu, lakini kilikuwa cha jamii hiyo.

Kisha akaweka kikombe chini, akashika pembe ya kanga, akaanza kulifungua lile fundo. Lilikuwa limekaza kwa kutomaswa, ilibidi atumie meno. Ndani kulikuwa na mbegu. Mchicha, nyeusi, ndogo ndogo, zinazong'aa.

"Alinipa nikuletee," akasema mama. "Tangu safari ya kwanza. Kila nikija ananijazia mpya, ananiuliza, dada kazipanda? Namwambia bado. Ningekupaje bila kumtaja?"

Huku nje gari la Korogwe likapiga honi barabarani. Mume wangu akauchukua mfuko. Mama akaangalia mbegu kiganjani, akaniangalia mimi.

"Liache lipite," akamwambia mkwewe. "Ngoja kwanza zichomoze."

Tulikwenda nyuma ya jiko. Akapiga magoti, akazamisha mikono kwenye tuta langu mpaka viganja vikapotea, mimi nikamshikia keni. Ziliota zote, mbegu za mdogo wangu kwenye udongo wangu, nzuri za kukera. Nilikuwa nazitazama kila asubuhi roho ikiniuma, na kila asubuhi nilizimwagilia maji ya mvua.